Mto wa Mama na Mafuta ya Papa

Wasiwasi ni maradhi yangu ya tangu utotoni. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikiunga kiti, nakikalia mimi kwanza, tena kwa kishindo, ndipo mwenyewe apewe. Watu husema ndiyo sababu vitu vyangu hudumu. Hawajui kwamba katika miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, kuna kitu kimoja nilikitoa mikononi mwangu nikijua kina kasoro, na aliyekipanda kwenda nacho baharini alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nyumbani kwetu ni Gazi. Baba alifariki mapema, tukabaki mama, kaka na mimi. Kaka alikuwa mvuvi wa madema. Aliyatega kwenye miamba upande wa kisiwa cha Chale na kuyazungukia kila asubuhi. Mimi na bahari hatukupatana tangu mwanzo, nikapelekwa Kwale, juu mlimani, kujifunza useremala. Kaka ndiye aliyenisindikiza, amejitwika kisanduku changu njia nzima na kunikataza nisikiguse. Nilipohitimu nilishuka Diani, ambako Wazungu walikuwa wakijenga nyumba za mapumziko moja moja kando ya ufuko, nikawa mtu wa milango na madirisha.

Mtumbwi wa kaka ulikuwa wa mwembe, umechongwa katika gogo moja, na umri wake ulikuwa umekwisha. Kisa ni bega. Siku moja alipokuwa akiuvuta pwani peke yake, bega la kulia lilimteguka, na halikurudi sawasawa. Tangu hapo hakuweza kuupandisha mchangani bila msaada, na saa anayorudi yeye wenzake huwa wamekwenda zao. Basi mtumbwi ukawa unalala majini, umefungwa kwenye mkoko. Kuna mdudu wa baharini anayeipenda sana mbao ya mwembe. Huingia kwa tundu dogo la sindano, akishafika ndani anajichimbia njia zake humo kwa humo. Kwa nje waona mbao nzima, lakini ukiigonga inaitika kama kibuyu. Asubuhi moja, mtumbwi ukiwa bado kwenye kina kifupi, kisigino cha kaka kilipenya sakafu kikatokea chini. Aliporudi nyumbani alicheka. Mimi nilikosa usingizi kwa kufikiria kisigino kile kingepenya wapi kama ingekuwa nje ya mwamba.

Tulikwenda Msambweni kwa mzee mmoja mchonga mitumbwi, mtu wa maneno makali na masikio mazito. Tulimwamkia shikamoo mara tatu ndipo akaitika. Kaka akamweleza shida yake.

"Mwembe nitakupatia," mzee akasema. "Lakini miembe ya siku hizi ni michanga, moyo wake laini. Ukiupaka mafuta na kuupandisha pwani kila siku, utadumu nawe. Ukiulaza majini, usinijie tena."

"Na mvule je?" nikauliza mimi.

"Mvule wa kutoa mtumbwi mzima wataka uende mbali kuutafuta. Ukishaupata, utauleta kwa nini? Kwa mgongo?"

"Mbambakofi?"

"Mti mgumu ule! Nikuchongee mbambakofi, nawe unizikie mashoka na tezo zangu! Tena ni mzito. Bega hilo la nduguyo litauweza?"

Njiani kurudi nilikuwa nikigeuza maneno yake. Kila mti ulirudi pale pale penye bega. Chombo kizito kingelala majini, na chombo kinacholala majini kingeliwa. Hata kiwe cha mti gani, kwanza lazima kiwe chepesi kiasi cha mtu mwenye bega moja kukibeba. Na chombo cha namna hiyo nilikuwa nimekwisha kukiona.

Mzungu mmoja niliyemfanyia kazi Diani alikuwa na mtumbwi wa kwao, mwembamba, umechongoka mbele na nyuma, umefunikwa juu na kuachwa tundu la mtu kukaa. Mbavu zake zilivunjika, akanipa nizitengeneze. Nililala kifudifudi mchangani nikauchungulia ndani kama daktari. Ulikuwa mifupa ya mbao nyembamba, na juu ya mifupa turubai lililopakwa rangi. Mwenyewe aliuinua kwa mkono mmoja akautia begani. Turubai lisingefaa kwetu, maana mwamba wa Chale ungelikata siku ya kwanza. Lakini umbo lile na wepesi ule havikunitoka akilini.

Nikapanga chombo changu. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na ncha zote mbili ziwe za mvule, kwa mabaki ya milango niliyokuwa nimeyaweka. Mbavu ziwe za mkoko, kama watu wetu walivyofanya siku zote. Ubavuni niweke plaiwudi, kwani Mzungu yule, alipofunga nyumba kwenda kwao Ulaya, aliniachia mabamba manne mazima. Mbele na nyuma pafunikwe ili wimbi lisiingie, katikati pabaki wazi kwa ajili ya madema. Na badala ya misumari mingi inayopasua mbao nyembamba na kushika kutu, niunge kwa gundi ya unga, ile ya kukorogwa na maji, iliyokuwa ikiuzwa Mombasa. Nilikuwa nimeiungia mlango wa Diani unaotazama bahari, masika nzima ukapigwa na mvua usilegee hata kidogo.

Mama hakupendezwa. "Ubavu wa chombo mwembamba kama sahani," alisema. Kaka alinitazama, akaitazama plaiwudi, akasema, "Mdogo wangu ndiye fundi." Maneno hayo manne yalinivimbisha kichwa, na kichwa kikishavimba mdomo nao hufunguka.

Mifupa ilipokwisha kusimama nyuma ya nyumba yetu, watu walikuja kutazama baada ya sala ya alasiri. Hata yule mzee wa Msambweni alikuja. Alikizunguka chombo mara mbili, mikono mgongoni.

"Misumari yako iko wapi?" akauliza.

"Msumari ni wa mtu asiyeiamini kazi yake," nikamjibu, tena kwa sauti, ili asikie vizuri na wengine pia wasikie. "Hapa itakaa gundi. Gundi yangu ikishika, hata mimi mwenyewe siwezi kuiachanisha."

Watu wakacheka, na kicheko kilimwangukia yeye. Mzee akakipiga chombo kikofi. "Jeneza lenye mkia," akasema, akaenda zake. Mama aliyasikia hayo akiwa jikoni, na jioni ile hakugusa chakula.

Siku ya pili nikapanda kwenda Mombasa kutafuta gundi. Nililala huko siku mbili. Niliporudi, nikapiga mbao randa kidogo juu juu, nikakoroga gundi, nikaunga ubavu wa kushoto kwenye mkuku na mbavu, nikaubana kwa vibanio. Nilifanya haraka kwa sababu gundi ile haingoji. Kulikuwa na harufu, naam, lakini Gazi nzima ina harufu ya papa na pua yangu ilizaliwa humo. Kesho yake nikaunga ubavu wa kulia. Nilipoinama kuokota kibanio kilichoanguka, nikaona kopo chini ya kitanda cha kamba alichokuwa akikalia kaka.

"Kaka, kopo hili la nini?"

"La mafuta ya papa," akasema. "Nilizinywesha mbao ulipokuwa Mombasa."

"Zipi?"

"Zote. Mara mbili, ndani na nje. Na kingo, kingo hasa, ndizo zinazokunywa." Akanionyesha viganja vyake jinsi vilivyokuwa bado vinang'aa.

Kwetu mbao ya chombo haiachwi kavu. Mwenye chombo huipa mafuta ya maini ya papa kwa mkono wake mwenyewe, kabla haijagusa maji, huku akisoma Fatiha. Baba alifanya hivyo, na babu kabla yake. Mtumbwi wa gogo moja hupata faida tupu kwa mafuta hayo, kwani hauna kiungo. Lakini gundi hutaka mbao kavu iliyo safi ili iume. Ukiitia juu ya mafuta hukauka ikaonekana nzuri kabisa, ngumu, inang'aa, na kumbe haikushika kitu. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja Kwale alijua hilo. Na mimi niliyejua nilikuwa nimempa mvuvi mbao zangu, nikaenda Mombasa, nisimwambie asizipake. Ningemwambiaje? Halikunipitia hata kichwani, maana mimi pia ni mtoto wa nyumba ile, na mafuta ya papa kwangu yalikuwa kama kupiga bismillahi.

Nahisi uso wangu ulibadilika, kwa sababu kaka aliuliza, "Kwani vibaya?"

"La," nikasema. "Si vibaya. Umefanya vizuri."

Nimejaribu maisha yangu yote kujitetea kwa jambo hilo. Nimejiambia kwamba nikiibandua plaiwudi ile ingevunjika na sikuwa na nyingine. Nimejiambia sikutaka kumvunja moyo kaka, aliyezipaka kwa mapenzi. Yote yana ukweli wake, lakini sababu yenyewe ni mzee wa Msambweni. Dawa ilikuwa rahisi, misumari ya shaba, mingi, iliyokaribiana. Lakini kila msumari ungeonekana kwa nje, na kila mtu pale kijijini angeuhesabu. Niliona haya, basi. Nikajitia hamnazo, nikapaka rangi ya kijani juu ya viungo.

Nilifanya jambo moja tu la maana. Nilichukua vipande viwili vya plaiwudi iliyopakwa mafuta, nikaviunga kwa gundi ileile, nikavifunga kwa uzi kwenye mzizi wa mkoko mahali maji yanapofika. Nilijiambia kwamba vikishikamana, na chombo kitashikamana. Vikiachana, nitasema. Nilipanga hivyo nikijua kabisa kwamba vipande vile havibebi mtu, wala dema, wala havipigwi na wimbi.

Chombo kikashushwa siku njema, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa. Kaka alikiinua kwa bega lake zima peke yake, akakitia majini, watu wakashangilia. Kilikata maji kama kisu kipya. Mama alisimama nyuma ya watu na kuuma ncha ya leso. Mimi nilitabasamu hadi mashavu yakaniuma.

Tangu siku hiyo sikula nikashiba. Nilipeleka taarifa Diani kwamba naumwa, na haikuwa uongo sana. Kila asubuhi nilimsindikiza kaka hadi pwani, nikamsaidia kusukuma, nikamwambia, "Kaka, nenda salama," naye akanitazama kidogo kabla ya kushika kafi. Kisha nilihesabu. Kutoka mkono wa bahari, kukata kwenda kwenye mwamba, kuinua madema, kurudi. Akichelewa kidogo nilianza hesabu upya, na akitokea, nikaona rangi ile ya kijani kwa mbali, nilikaa chini mchangani. Kila maji yalipotoka mchana nilitumbukia kwenye matope ya mikokoni hadi magotini kwenda kuvitazama vipande vyangu. Nilivivuta, nikavikunja kidogo. Vilikuwa vimeshikamana. Nikamshukuru Mungu, na kabla sijafika nyumbani nikaanza kuogopa upya.

Nyumbani nako mama alikuwa na malalamiko yake. Mto wake wa kulalia ulikuwa unapungua. Ulikuwa mto wa pamba aliyoichambua kwa mkono, akachanganya na vitambaa vya leso zake kuukuu.

"Kila nikilala kichwa chashuka," alisema. "Ni panya. Panya wamejitengenezea nyumba kwa pamba yangu."

Akaazima paka kwa jirani, akamfungia chumbani. Paka akalala juu ya mto, na mto ukaendelea kupungua. Kaka alikula chakula chake kimya. Mimi sikuwa na nafasi ya panya kichwani. Niliona pia kwamba lile kopo la mafuta ya papa sasa kaka alikwenda nalo baharini, na kwamba kutu yake yote imetoka, mdomo wake unameta kama kikombe cha bati kipya. Niliviona vyote hivyo kwa macho na sikuviunganisha.

Siku ya kumi na moja tangu chombo kishushwe kulikuwa na upepo. Kaka alikuwa amekwisha ondoka. Nilifika kwenye mkoko wangu maji yakiwa bado yanatoka, nikavuta uzi, nikashika vipande, na kimoja kikabaki katika mkono huu na kingine katika mkono huu. Havikuvunjika. Viliachana taratibu, kama ganda la kunde lililokauka. Gundi ilibaki upande mmoja yote, ngozi nzima, laini, na ukiigusa inateleza mafuta.

Sikumbuki nilivyotoka matopeni. Nakumbuka nimeshika mtumbwi wa jirani bila kumwomba, mtumbwi mzito wa mwembe, na jirani ananipigia kelele kutoka barazani, naye hajui akasirike au acheke, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona mimi nikienda baharini. Maji yaliyokuwa yakitoka yalinichukua. Nilipiga kafi kama mtu anayepiga nyoka. Upepo ulinirushia maji usoni na nililia waziwazi, kwani hapakuwa na wa kuniona. Nilikuwa nikisema peke yangu, nitasema, nitasema, ya Rabbi nikimkuta nitasema.

Nilimkuta ndani kidogo ya mwamba, Chale ikiwa mbele yetu. Alikuwa amekaa, kafi magotini, anafua maji kwa lile kopo. Hakuwa na haraka. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga.

"Kaka! Rudi! Imeachana!"

"Nini imeachana?"

Nikainua vipande viwili, kimoja huku kimoja huku. "Gundi. Yale mafuta uliyopaka, gundi haishiki juu ya mafuta. Nilijua tangu siku ya kopo. Nilijua, kaka, na sikukwambia."

Hakushtuka. Alimwaga kopo jingine, akalitazama.

"Leo siku ya ngapi?" akauliza.

"Ya kumi na moja."

"Ya kumi na moja," akasema. "Mimi niliona ya tatu."

Mtumbwi wangu ukagonga chombo chake, nikakishika ukingo, nikachungulia ndani. Kiungo cha ubavu na mkuku kilikuwa wazi toka mbele mpaka katikati, na chote kilikuwa kimezibwa kwa pamba, imeshindiliwa kwa ncha ya kisu, sawasawa, kazi ya mtu mtulivu. Maji yalipenya kwenye pamba polepole.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kumgombeza, naona haya kuikumbuka.

"Siku ile ulipouliza kopo ni la nini, uso wako ulibadilika. Nikajua kuna neno. Nikasema, huyu mtu mzima, tena fundi, atanambia mwenyewe. Kila asubuhi nikisukuma chombo nilikuwa nakungoja. Nawe waniambia, 'Kaka, nenda salama.'"

"Ungalizama!"

"Ningalizama," akasema. "Kwani wewe ulikuwa ukifikiri nini?"

Nikainamisha macho kwenye ile pamba.

"Haya, hamia huku," akasema. "Mimi nipe huo wa mwembe. Chombo ni chako, fua maji."

Tukabadilishana, yeye akishika vyombo vyote viwili visitengane. Akanifunga nyuma yake kwa kamba ya dema, akanivuta kwa bega lake bovu njia yote. Maji yalikuwa yamegeuka yanajaa, yakatusaidia. Mimi nilifua. Kila wimbi lilipokipiga ubavu nilisikia plaiwudi ikipumua kwenye kiungo, ikifunguka na kufunga, na kila ilipofunguka pamba ilitoka kidogo, nikairudisha kwa kidole. Nilielewa sasa ni kwa nini kopo lilikuwa linameta, kwa kukwangua sakafu kila siku. Kaka alikaa kama alivyokaa siku zote, mgongo wima, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mama alikuwa pwani. Jirani alikwisha kumwambia. Alisimama majini hadi vifundoni, na kaka alipokigeuza chombo ubavu ili maji yatoke, pamba ikaning'inia kutoka kwenye kiungo, na ndani ya pamba kulikuwa na kitambaa chenye pindo jekundu. Mama akakishika. Akavuta. Kikatoka na pamba nyuma yake, ndefu, inachuruzika.

"Huu mto wangu," akasema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani alijua?"

"Mimi," kaka akasema.

"Na mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeanza." Nikamweleza yote, mafuta na misumari na haya yangu, na kaka akamweleza yake.

Mama akakaa chini mchangani na mto wake mkononi. Nilidhani atalia. Alikasirika, na sijapata kumwona hivyo kabla wala baada.

"Ninao wawili tu," akasema. "Wawili. Na wote wawili mlikuwa tayari kuniacha nikae hapa pwani nangoja, mmoja kwa sababu anaona haya, na mwingine kwa sababu amngoja mwenziwe aseme. Na mimi nimeazima paka!"

Kaka akataka kucheka, akauona uso wake, akaacha.

Tulikibandua chombo chote. Plaiwudi haikuvunjika kama nilivyojidanganya. Ilitoka yenyewe, tuliivuta tu kwa mikono. Nilikwangua kingo hadi mbao ikawa nyeupe, nikaziunga upya kwa gundi, na juu ya gundi nikapiga misumari ya shaba, kila upana wa vidole vitatu, na ndani kaka akatia kalafati ya pamba mpya. Mafuta ya papa akayapaka mwishoni, nilipomwambia, "Sasa." Mzee wa Msambweni alikuja kuhesabu misumari. Alihesabu kwa sauti, akikosea na kuanza tena, nami nilisimama hapo hadi akamaliza. Mama aliianika pamba yake juani, akaurudisha mto. Ulinuka papa miaka mingi, na hakuwahi kukubali tumnunulie mwingine.

Siku ya kukishusha mara ya pili hatukualika mtu. Kaka alikitia begani, mimi nikashika kafi. Mama alitutangulia, akasimama kati ya chombo na maji. Akanishika kidevu, akauinua uso wangu akautazama, kama atazamaye mtoto kama ana homa.

"Una neno?" akaniuliza.

"Sina, mama."

Hakuniachia. Kaka naye alisimama na chombo begani, hakusema tukimbie maji yasije yakatuacha.

"Upande wa nyuma, chini," nikasema, "kuna msumari mmoja umepinda kichwa. Nilipaka rangi juu yake."

Mama akakiachia kidevu changu. Kaka akakishusha chombo mchangani, akakipindua. Nikarudi nyumbani kuchukua nyundo, na wote wawili wakaningoja pale mpaka nikaung'oa nikapiga mwingine.